Aliyefungua Ngitili Kabla ya Mvua

Kabla sijamsema huyu mtu, acha niseme kwanza habari ya barafu. Haihusiani naye hata kidogo, lakini kila nikitaka kumsema yeye ndiyo inayotangulia kunijia, basi itangulie.

Nilikuwa mtoto wa kuchunga ndama, kwetu upande wa Tinde. Siku moja lori la samaki kutoka Mwanza likaharibika pale barabarani, jua la saa sita, na utingo akaanza kumwaga barafu iliyokuwa chini ya makreti ili lori liwe jepesi lisukumwe. Sisi barafu hatukuwahi kuiona. Tukaigusa, tukapiga kelele, mwenzangu mmoja akalia akisema imemuunguza. Mimi nikaokota bonge, nikavua shati, nikalifunga humo, nikakimbia nalo nyumbani nikamwoneshe mama. Njia ni ndefu. Nilipofika mama alikuwa anatwanga. Nikafungua shati mbele yake kwa madaha, kama mtu aliyeleta mahari. Akalitazama shati lililolowa, akanitazama kifua wazi.

"Sasa shati nalo unalikojolea?"

"Mama, lilikuwa jiwe."

"Jiwe la maji?"

"Ndiyo, la maji."

Akacheka mpaka mchi akauweka chini. Alicheka hivyo miaka na miaka, kila mgeni akija anasimuliwa jiwe langu.

Nimezeeka sasa, na redio nasikiliza sana kwa sababu macho hayatulii kwenye maandishi, na shule yenyewe niliiacha mapema kwa ajili ya hao hao ndama. Redioni nikasikia kwamba huko juu kabisa ya dunia kuna watu ambao maji yao ni jiwe karibu mwaka mzima. Jua linapotea kabisa, halafu linarudi. Na watu wapo, wanaoa, wanazaa, wanagombana. Mtangazaji akasema kipindi cha neema wanaweka nyama na samaki, ndivyo vinavyowavusha kipindi cha giza. Mke wangu akasikitika.

"Masikini, Baba Kulwa, watu gani hao wanaoishi hivyo?"

Nikamwambia, "Kama sisi tu. Wao wanangoja jua, sisi tunangoja mvua."

Maana sisi kitongoji chetu kiko huko ndani, unaingia kwa kutokea Runzewe, unaacha lami, unaacha na barabara ya vumbi, unafuata njia ya ng'ombe. Masika kijito kinajaa na mbuga inakuwa tope jeusi linalovua mtu kiatu na kubaki nacho. Hakuna gari wala bodaboda. Sukari ikiisha imeisha. Mgonjwa anabebwa juu ya kitanda. Halafu mvua inakata, tunavuna, kipupwe kinapiga asubuhi mpaka watoto wanaota jua ukutani kama mijusi, ngoma zinachezwa. Kisha kiangazi. Kiangazi cha kwetu ndiyo giza letu. Vumbi jekundu, migunga imebaki miiba, ng'ombe anasimama mbele yako anakutazama kama unamficha kitu.

Na kitu kweli tunamficha. Hiyo ndiyo ngitili. Wasukuma wote wanaijua, lakini labda wewe unayesoma ni wa pwani, basi nikueleze. Mvua zikiwa zinanyesha na majani ni mengi kila mahali, tunalitenga eneo kubwa, tunaziba lango lake kwa miiba, hakuna ng'ombe kuingia. Majani yanakua humo, yanakauka yakiwa yamesimama, yanangoja. Kiangazi kikikaza tunafungua kipande kimoja, kikiisha kingine, mpaka mvua ituokoe. Tulikuja na desturi hiyo kutoka Shinyanga tulipohamia huku na mifugo yetu. Ni akiba yetu ya giza.

Huyu ninayemsema alikuwa mlinzi wa ngitili hiyo. Tulimwita Mlinzi tu. Nyumbani kwao sikujui, na sitasema ninachokisikia kwa watu. Alitokea kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, hilo linajulikana, maana alikuja na gambuti na kofia ngumu ya machimboni, na mgongo ulioinama kidogo kama mtu anayepita chini ya mwamba hata akiwa uwanjani. Mchimbaji akizoea duara anainamisha kichwa mpaka kaburini. Alikuja kutuchimbia visima, akabaki akifyatua tofali.

Jinsi alivyopata ulinzi ndiyo habari yenyewe, na watu wengi huku wanadhani alipewa kwa heshima. Hapana. Alipewa kama adhabu.

Ulikuwa mwaka wa kiangazi kirefu. Kilikuwa kimebaki kipande cha mwisho cha ngitili, kile cha bondeni chenye majani mazuri, nacho tumekifunga. Mchana mmoja mawingu yakaja, yakatuama, mvua ikashuka. Mvua kweli, ya kunukia udongo. Yeye alikuwa anapita karibu na lango na ndoo yake ya udongo wa tofali. Mtu wa machimboni hana ng'ombe na wala hajui taratibu, lakini alikuwa ameishi nasi kiangazi kizima, amewaona ng'ombe wakikonda, na nadhani furaha ilimpanda. Akatupa ndoo. Akaanza kuvuta ile miiba kwa mikono mitupu, damu zinamtoka, anapiga kelele, "Mvua imeanza! Ingizeni! Ingizeni!"

Sasa ungetegemea watu wamkamate. Nani amkamate? Sote tulikuwa tumelowa, tunacheka. Ukisikia mtu anaita "ingizeni" na ng'ombe wako wameshanusa majani, hutaweza kuwazuia. Wakaingia wote. Kundi la mwenyekiti wa kitongoji, kundi langu, kundi la Mama Shija aliyekuwa mjane ana ng'ombe alioachiwa na marehemu. Hawakula tu, walikanyaga. Majani makavu yakilowa na kukanyagwa kwenye tope yameoza, hayaliki tena. Nasi tunasema potelea mbali, mvua si imeanza?

Mvua haikuwa imeanza. Ilikuwa inatuchungulia tu. Jua likarudi siku za mbele, likakaa, likakaa. Majani mapya yaliyochipua, mafupi kama ndevu za kijana, yakaungua. Na ngitili hakuna tena. Ng'ombe wakaanza kulala chini na kukataa kuinuka. Tuliwainua kwa magogo, mmoja mkiani, mmoja kwenye pembe, unamwinua anasimama anatetemeka, unamwacha analala tena. Mama Shija walimwishia wote.

Ikaitwa dagashida, ule mkutano wetu wa wanaume wote. Wazee wakauliza, "Nani aliyefungua?" Kila mtu anatazama chini, maana aliyefungua kwa mikono ni mmoja, walioingiza ni wengi. Angeweza kunyamaza. Angeweza kurudi zake kwenye maduara, asingefuatwa. Akasimama na gambuti zake.

"Mimi."

"Unajua ulichofanya?"

"Nimekijua baadaye."

Faini ya kosa kama hilo kwetu ni ng'ombe wa kuchinjwa, wazee wanakula, mambo yanakwisha. Lakini huyu hana ng'ombe wala mbuzi. Wakakwama. Mzee mmoja akasema afukuzwe. Mwingine akasema hapana, afanye kazi. Wakaamua alinde ngitili mpaka majani yarudi, bila ujira, chakula tu atapewa kwa zamu nyumba kwa nyumba. Na sheria ikawekwa mpya siku hiyo: kipande cha mwisho, hata mvua inyeshe vipi, ni cha maksai wa kulimia na ng'ombe wenye ndama tu, kidogo kidogo. Hakifunguliwi kwa wote mpaka majani mapya ya nje yafunike kwato za ng'ombe. Yeye akaambiwa aitangaze sheria hiyo kila nyumba. Akaitangaza. Nyumba ya Mama Shija akaitangazia uani, maana mwenyewe alifunga mlango.

Adhabu ilikuwa ya msimu mmoja. Akakaa mpaka watoto tuliokuwa tunawabeba mgongoni wakaoa.

Alikuwa na neno moja kwa kila jambo: bado. Umekula? Bado. Umeamkaje? Bado sijajua. Utaoa lini, Mlinzi? Bado. Watoto walikuwa wanamsalimia mbio mbio wanapita, "Shikamoo Mlinzi, tufungue?" naye anajibu bila kuinua kichwa, "Marahaba, bado." Ikawa kama wimbo wa kwendea shule.

Mlinzi wa majani asiye na ng'ombe, hilo liliwachekesha Wasukuma sana. Yeye alifuga bata. Nchi yetu hii ya vumbi, mtu anafuga bata! Alichimba bwawa lao mwenyewe karibu na kibanda chake, akalikandika udongo wa kichuguu kama anayekandika nyumba ya bibi harusi, na kiangazi alikuwa anakwenda bondeni kuchimba mchanga wa kijito mpaka apate maji, ajaze madumu, aje awamwagie bata waoge. Kinamama wa zamu ya chakula walikasirika.

"Mlinzi, maji ya kunywa tunayatafuta kwa tochi, wewe bata wako wanaoga?"

"Mama, bata asipooga anakuwa kuku."

"Si awe kuku!"

"Kuku ninao wa jirani, wananitosha."

Lakini mama huyo huyo akifika kisimani akikuta mchanga umeporomoka, anayeitwa ni nani? Ni yeye. Anashuka na kofia yake ngumu, anazibua, anapanda na tope mpaka kwenye kope. Hakuwahi kukataa. Masika kijito kikiwa kimefunga njia alitutengenezea kamba ya kuvukia, ikafungwa mti huku na mti kule, ndiyo tuliyovushia chumvi na mafuta ya taa, na siku moja mama mjamzito. Hivi vitu alivifanya akinung'unika. Sikuwahi kumwona anasaidia mtu akitabasamu. Mtu akimshukuru "wabeja" alikuwa anaangalia pembeni kama amedaiwa.

Dini yake hatukuijua. Jumapili alikuwa anakaa benchi la nyuma kanisani, gambuti amezivua ameziacha nje. Ramadhani zikija, kule senta kwa wafanyabiashara Waislamu, anafuturu nao na hajafunga. Padri mgeni alimuuliza, akajibu anasikiliza kwanza. Padri akacheka. Mimi nilidhani anapenda chakula tu, na chakula alipenda kweli. Matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, alikuwa anatembea nayo mfukoni anatafuna kama karanga, mfuko umekakamaa kwa utamu.

Sasa hapo kwenye viazi ndipo nimkumbushe mtu asije akadhani namsifu mno. Huyu bwana alijifanya anajua mvua. Baada ya lile kosa lake ungetegemea akae mbali na habari za mawingu. Thubutu! Kila asubuhi anatoka, anatazama juu, anakohoa, anatoa hukumu. Na hukumu zake hazikuwa za kweli. Mwaka mmoja kipupwe kilipokwisha kinamama walikuwa wameanika michembe juu ya yale mawe makubwa nyuma ya kitongoji, viazi vya nyumba zote vimekatwa vimetandazwa, mwamba mzima mweupe. Wingu likatokea upande wa Ushetu. Kinamama wakaanza kukusanya. Yeye akapita, akasema, "Acheni, hilo linakwenda kwa watu wa tumbaku, si letu." Wakaacha. Likageuka. Viazi vikaelea.

Mama Shija, ambaye tangu ng'ombe wake wafe hakuwa amemsemesha hata neno, siku hiyo akamsemesha. Alisimama juu ya mwamba na ungo wake unatiririka, akapaza sauti kitongoji kizima kikasikia.

"Wewe! Ukisema mvua inakuja, haiji! Ukisema haiji, inakuja! Kwa nini usikae kimya tukajua hali ya hewa?"

Akajibu, "Nimekusikia, Mama Shija."

"Hujanisikia. Kesho utaangalia tena juu."

Kweli, kesho yake aliangalia tena juu. Lakini jioni nilimwona anapita na gunia la viazi vyake mwenyewe, vile alivyopewa na zamu, akaviacha mlangoni kwa Mama Shija akaondoka. Mama Shija akavipokea. Baada ya hapo wakawa wanagombana kila wakikutana, na huku kwetu mtu unayegombana naye kila siku umeshasameheana naye, mtu usiyemsamehe humsemeshi.

Kwenye ngitili alikuwa mtu mwingine kabisa. Pale hakuwa na utani. Mbuzi wa mwenyekiti waliwahi kuingia kiangazi kimoja. Sisi wengine tungewafukuza kimya kimya, mwenyekiti ni mwenyekiti. Yeye aliwakamata wote, akawafunga kamba nje ya kanisa siku ya ibada. Watu wanatoka kusali wanawakuta mbuzi wamepangwa kama wanakwaya. Mwenyekiti akaja amefura.

"Mlinzi, unanidhalilisha mbele ya waumini."

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Nani kakutuma ufunge mbuzi kanisani?"

"Sikuwafunga kanisani, nimewafunga nje. Ndani hawaingii, hawajabatizwa."

Watu wakaangua kicheko, mwenyekiti mwenyewe akashindwa kujizuia. Akatoa faini, mbuzi mmoja akachinjwa palepale, na Mlinzi akala kuliko wote. Toka siku hiyo hakuna aliyejaribu. Kama wa mwenyekiti waliliwa, wako wewe ni nani?

Wachimbaji nao walikuja. Ile miaka ya karibuni, rashi ya dhahabu ikizuka mahali, watu wanafurika kama siafu, wanachimba, wanaleta karasha la kusaga mawe, kinatokea kijiji kizima cha maturubai, halafu dhahabu ikikata wanaacha mashimo na chupa. Vijana kutoka Runzewe wakafika na nyundo zao, wakaomba kupima ngitili. Walimjua, mmoja akamwita "mwenzetu". Aliwatembeza mwenyewe, siku nzima, akiwaoneshea mawe, akavunja nao, wakasaga kidogo, wakasafisha kwenye karai. Hakuna kitu. Wakaenda. Nikamuuliza, Mlinzi, na kama ingeonekana?

"Ingeonekana ningechimba, Baba Kulwa. Mimi najijua. Nimefurahi haipo."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakujifanya.

Sasa nije mwaka juzi, ambao ndio ninaoutaka. Kiangazi kilikuwa kirefu tena, mtoto wangu Kulwa anasema hata visima vya Runzewe vilikauka. Vipande vyote vya ngitili vimekwisha, kimebaki kile cha bondeni, maksai na ng'ombe wenye ndama ndio wanaoingia kwa zamu. Wengine tunawalisha maganda na matawi. Mlinzi alikuwa amezeeka sasa, mgongo umeinama zaidi, bata wamekufa wote na hakufuga wengine. Mama Shija alikuwa ameinuka. Alianza na mtamba mmoja wa mahari ya binti yake, akazaa, wakazaa, akawa na kundi dogo la kuheshimika. Huo ndio utajiri aliokuwa nao, hana mwingine.

Mchana mawingu yakaja. Mvua ikashuka. Ilinukia vilevile. Ilinyesha mpaka kwenye mapaa ikawa hatusikilizani, na kesho yake ikanyesha, na baada ya siku chache ardhi ikaota kijani. Sote tukatoka na ng'ombe. Hakuna aliyeitwa. Miguu tu ilitupeleka langoni, makundi yote, yanalia yakinusa majani ya mle ndani. Na nilipofika nikaona kitu ambacho sikutaka kukiona. Mlinzi amesimama kwenye lango, uso umelowa, anacheka. Nilikuwa sijawahi kumwona anacheka hivyo tangu ule mwaka. Mikono ameshaiweka kwenye miiba.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema. "Hii siyo ile. Tazameni udongo ulivyoshiba. Wamengoja sana hawa. Tufungue."

Ng'ombe wanalia. Nakuambia ukweli, kila mmoja alitaka afungue. Mwenyekiti alikuwa anatazama chini. Vijana wanatutazama sisi wazee. Yeye ndiye aliyetutangazia sheria miaka yote, sasa yeye mwenyewe anasema tufungue, nani ampinge? Akavuta tawi la kwanza.

Mama Shija akapita katikati ya watu. Alikuwa na mwavuli uliovunjika mbavu. Akaja mbele, akamshika ng'ombe wake mmoja pembe, yule mzee, akamsimamisha kwenye kijani.

"Mlinzi. Njoo hapa."

"Mama Shija, mvua hii..."

"Sijauliza mvua. Njoo uangalie hii."

Akaja. Mama Shija akamnyoshea kidole chini, mguuni kwa ng'ombe.

"Unaona nini?"

Akainama, mgongo ule, macho yale.

"Naona kwato."

"Naiona na mimi. Naiona yote, mpaka ukingoni. Ulikuja uani kwangu ukanitangazia, mpaka majani yafunike kwato. Nilikuwa nimefunga mlango, lakini nilisikia. Sasa kwato hii imefunikwa?"

Akapima kijani kwa kidole. Nikafikiri amekasirika. Akasema polepole, "Bado."

"Basi rudisha mwiba wako."

Mama Shija akageuka, akamchapa ng'ombe wake kiganja, "Tokaa, nyumbani!" Na yeye ndiye aliyekuwa na sababu ya kuingia kuliko wote. Kundi lake likaanza kurudi. Mwenyekiti akageuza lake. Mimi nikageuza langu. Ilikuwa kazi, wanakataa, wanasukumana, vijana wanapiga miluzi, lakini tuligeuza wote. Nyuma yetu Mlinzi alikuwa anarudisha lile tawi mahali pake, analikandamiza kwa gambuti.

Jua likarudi. Nadhani umeshajua. Likakaa, kijani kile kikaungua. Lakini kipande cha bondeni kilikuwepo. Kila asubuhi maksai na wenye ndama, kisha wale dhaifu kuliko wote kwa zamu, mwenyekiti anahesabu vichwa, Mama Shija anasimamia. Walikonda, lakini waliinuka wenyewe kila asubuhi bila gogo. Hakuna nyumba iliyolia.

Mlinzi kipindi hicho alikuwa anakaa kando ya lango kwenye kigoda, anatazama tu. Mama Shija ndiye anayesema fungua, Mama Shija ndiye anayesema funga. Nilidhani ameumia moyo. Siku moja nikakaa naye, nikamwambia, usijali, ilikuwa bahati mbaya, mvua inadanganya watu wote.

"Nani kakuambia najali?" akasema. "Nilikuwa nalala vibaya miaka yote, nikidhani nikifa watafungua. Sasa nalala."

Mvua yenyewe ilipokuja haikunukia kitu wala kupiga kelele. Ilianza polepole tu, ikaendelea, mpaka siku moja Mama Shija akamsimamisha ng'ombe wake nje, akatazama chini asione kwato, akasema haya. Tukafungua. Maksai walikuwa na nguvu, tukalima mapema kuliko miaka mingi, mpunga wa mwaka ule majarubani ulikuwa wa kuogopesha. Tangu aondoke, mlinzi mwingine hatujachagua mpaka leo. Dagashida iliitwa, mwenyekiti akauliza nani alinde, watu wakamtazama kama anauliza nani alinde nyumba yake. Majani yapo. Nimepita jana, yamenifika kiunoni.

Yeye nilimwona wiki ile ile ya kufungua. Nilikuwa napalilia karibu na njia. Akatokea na mfuko mdogo wa salfeti, gambuti miguuni, mvua ndogo inanyesha.

"Mwadila, Mlinzi."

"Mwadila, Baba Kulwa."

"Na mvua hii unakwenda wapi?"

"Natembea."

"Kijito kimejaa."

"Kamba ipo."

Nikamwambia akirudi apite tule mahindi mabichi. Akasema mahindi ya mwaka huu yatakuwa matamu, akashika jani la shina moja akaligeuza kidogo kuangalia chini yake, akaliacha. Kisha akaenda. Nikamsikia anasalimiana na Mama Shija uani kwake, nikasikia Mama Shija anamgombeza kwa kutembea bila kofia kwenye mvua, naye anajibu kitu sikukishika, halafu kicheko cha Mama Shija. Nikarudi kwenye jembe langu. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshapita uzio wa minyaa, mgongo ndio unaoonekana, anashuka kuelekea kijitoni. Hakurudi.